Wimbo kwenye kanda ya marehemu baba, hakuna anayeujua jina. Hii bendi ni ipi?

MwanaMoro
Wakuu habari za wikiendi. Naomba msaada wa wenye masikio.

Mzee wangu alifariki, juzi tulikua tunapanga vitu vyake hapa Morogoro nikakuta boksi la kanda, nyingi ni za kwaya na hotuba, lakini moja ni TDK ya dakika 60 haijaandikwa kitu zaidi ya neno "REDIO" kwa kalamu ya wino. Nikaipiga. Upande A unaanza katikati ya wimbo, yani mwanzo umekatwa, jamaa anaimba kwamba kila siku anakwenda posta barua zake hazijibiwi, anamuuliza rafiki yake kama huko mjini kuna mtu kamzuia mpenzi wake kuandika. Baadae magitaa yanachangamka, midomo ya bata (saksafoni) inaingia, na kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho ya kuchangamka, kuna mtu anapiga kelele neno moja mara tatu. Mi nasikia "Saboso". Mdogo wangu anasema "Msondo". Mama kasema hajui ila baba alikua akiuita "ule wa posta".

Nimetafuta YouTube wiki nzima sijaupata. Nimeweka sauti hapo chini, dakika 5 na sekunde 50. Bendi gani hii, na nani anaimba?

Tumba la Tandale
Pole na msiba mkuu. Kama ni Saboso hakuna mjadala, huo ni mtindo wa Western Jazz. Sikiliza hilo solo linavyotembea halafu nenda kasikilize Rashid Hanzuruni, mpiga solo wao. Zamani bendi zilikua zinataja mtindo wake kwenye chemko makusudi, ili hata ukiwasha redio wimbo umefika katikati ujue ni akina nani. Msondo ni NUTA Jazz, Saboso ni Western, Kiweta ni Atomic ya Tanga, Sokomoko ni Safari Trippers. Ilikua kama jezi.

Dada wa Msimbazi
Pole sana kaka. Mi nimesikiliza mara nne kwa hedfoni, hiyo ni MSONDO. Na hizo tarumbeta ni za NUTA kabisa, Western hawakua na upepo mzito namna hiyo. Na sauti ya juu hiyo inayoitikia ni ya Bitchuka, mwimbaji wao, nakuapia. Hawakumwita Stereo bure.

Tumba la Tandale
Dada wa Msimbazi wewe kila wimbo ukisikia tarumbeta unasema NUTA, mwaka jana ulituambia hivyohivyo kwenye ule uzi wa Kilwa Jazz 😂

Dada wa Msimbazi
Na mwaka jana nani alikua sahihi?

Jabali Forever
Jamani hiyo ni Georgina ya Dar International ila imerekodiwa siku nyingine, Marijani Rajab, Jabali la Muziki, alikua anabadilisha maneno akiwa jukwaani. Kesi imeisha.

Mzee wa Gerezani
Salaam. Kijana Jabali, Georgina ni ya Safari Trippers, kabla Marijani hajaenda kuunda Dar International mwishoni mwa miaka ya 70. Zuwena ndo ya Dar International. Na huu wimbo hauhusiani na Georgina hata kidogo, Georgina haina habari ya posta. Mpende Jabali lakini usimtwishe kila kitu.

Mi nilikua nacheza dansi tangu enzi za ukumbi wa Arnautoglu, nasema huu wimbo niliwahi kuusikia. Jina limenitoka. Kinachonisumbua ni kwamba sauti ya mwimbaji mkuu nyembamba kuliko ninavyoikumbuka, kama mtu anaimba ana haraka.

Jabali Forever
Shikamoo mzee, nimekubali kuhusu Georgina, niliichanganya. Lakini Sokomoko mbona hamuipi nafasi? So-ko-mo-ko, ukisikia haraka haraka na kanda imechoka unaweza kusikia lolote.

Fundi Redio Mwanza
Mzee wa Gerezani kagusa kitu muhimu sana ndugu zangu. Mi natengeneza redio kaseti zaidi ya miaka ishirini. Zamani watu walirekodi wimbo kwenye redio kwa betri, na betri zikichoka mota ya kanda inazunguka taratibu. Sasa kanda iliyorekodiwa taratibu ukiipiga leo kwenye deki zima inayozunguka sawasawa, kila kitu kinakwenda mbio na sauti zinapanda juu. Mwanaume anakua kijana, kijana anakua mtoto. Ndo maana mnabishana huyu Bitchuka huyu nani, mnaweza kua mnabishana juu ya betri.

MwanaMoro, marehemu alikua na redio gani? Na mwisho wa wimbo kuna nini, mtangazaji anaongea?

MwanaMoro
Asanteni wote kwa pole. Fundi redio ilikua National, ya betri, mama kathibitisha, umeme nyumbani ulikuja baadae sana. Mwisho wa wimbo mtangazaji hataji bendi, inaingia ile milio ya saa, halafu ngoma za taarifa ya habari, halafu inakatika. Kabla haijakatika kuna sauti ya mwanamke anasema kitu kwa karibu, sijaielewa.

Fundi Redio Mwanza
Milio ya saa ipo?? Mkuu umepata dhahabu. Ile milio inapishana sekunde moja kamili, haidanganyi. Pima kwenye kompyuta kutoka mlio mmoja mpaka mwingine utuambie.

Kisauni Boy
Salam kutoka Mombasa. Mi naomba kuuliza, mna uhakika gani hiyo ni rekodi ya RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam)? Inaweza kua santuri ya Nairobi inapigwa na RTD. Bendi nyingi za Tanzania zilikua zinavuka kuja kurekodi huku, na zingine hazikutumia jina lake. Vijana Jazz walitoa santuri Kenya kwa jina la Koka Koka Sex Battalion, nenda kaangalie lebo. Bendi ya jumuiya ya vijana wa chama huku inaitwa hivyo, hahaha. Sasa mtu akitafuta "Vijana Jazz" hawezi kuipata ile santuri mpaka kiama. Labda huu wa posta uko hivyohivyo, upo, ila uko chini ya jina ambalo hakuna kati yenu atakayelifikiria.

Dada wa Msimbazi
Koka Koka si ulikua mtindo wao tu? Kwahiyo jina la mtindo likageuka jina la bendi. Hapo nimejifunza kitu.

Tumba la Tandale
Kisauni Boy hoja nzuri ila angalia muda. Santuri ndogo ya mizunguko 45 upande mmoja unabeba dakika tatu, nne, ukikazana sana zaidi kidogo. Ndo maana santuri zetu nyingi za Nairobi zimeandikwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, unaimbiwa stori upande huu, unanyanyuka kwenye kiti, unageuza, ndo unapata chemko. Huu unakwenda dakika 5 na sekunde 50 na mwanzo umekatwa na hakuna mahali unapozimika. Hiyo ni tepu kubwa ya RTD moja kwa moja, pale Pugu Road.

Kisauni Boy
Hata hivyo mtangazaji mzuri mwenye mashine mbili na santuri mbili anaunganisha upande wa pili bila wewe kujua. Nimewahi kuona ikifanyika.

Binti Kariakoo
Samahani mi ni wa juzi juzi naomba kuelimishwa, kwanini nyimbo za RTD mnasema ni tamu kuliko za santuri? Kwangu mi za RTD naona kama zimefunikwa na blanketi.

Mzee wa Gerezani
Binti karibu. Pale studio bendi nzima inaingia pamoja, waimbaji, magitaa, tumba, wapulizaji, maikrofoni chache, mnapiga kwa pamoja kama mko ukumbini. Hakuna kurekodi gitaa leo na sauti kesho. Mmoja akikosea, wote mnarudi mwanzo. Kwahiyo bendi ilikua inaenda pale imeshaupiga ule wimbo ukumbini miezi, kila mtu anajua mwenzake atapumua wapi. Na mashairi yalikua yameshakaguliwa kabla, hapakua na kubabaisha. Hicho unachokiita blanketi ni chumba. Unasikia chumba chenye watu.

Tumba la Tandale
Hapo mzee umenitoa machozi.

Fundi Redio Mwanza
Mi naona sababu nyingine ni mshahara. Wanamuziki wa bendi za mashirika walikua waajiriwa, NUTA ya chama cha wafanyakazi, Bima Lee ya shirika la bima, Mwenge ya jeshi, vyombo si vyao, ada ya shule ya watoto ipo. Mtu analala vizuri anapiga vizuri. Huko Nairobi ulikua unalipwa kwa wimbo, unarekodi kumi kwa siku mbili unarudi nyumbani na pesa ya basi.

Kisauni Boy
Si kweli ndugu yangu, hebu tuheshimiane. Ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, walitoka Tanga wakapitia Arusha wakaja Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 70 wakaunda Simba Wanyika, hakuna shirika lililowalipa, na mpaka leo hakuna harusi ya pwani inayoisha bila wao. Wakagawanyika ikatoka Les Wanyika na wimbo wao Sina Makosa. Hayo magitaa matatu yanavyoongea kuna RTD gani imeyashinda? Na wimbo wa Shida wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz mliikubali kwa santuri ya Nairobi nyinyi nyinyi.

MwanaMoro
Hapo naingilia kwa heshima maana ni mambo ya nyumbani 😊 Shida ni ya Mbaraka na Super Volcano. Morogoro Jazz aliiacha 1973, baada ya kuipeleka mpaka Osaka Japani kwenye maonyesho ya Expo 70. Na alifia kwenu Mombasa, ajali ya gari, Januari 1979, hajafikisha hata miaka 35. Baba alikua akisimulia kwamba siku ile habari ilipofika Moro watu walisimama barabarani.

Halafu Fundi, nimepima. Kutoka mlio mpaka mlio ni sekunde 0.92.

Fundi Redio Mwanza
Safi sana! Basi kanda inakimbia, kila sekunde 92 unazosikia zilikua 100. Maana yake wimbo wenyewe ni kama dakika 6 na sekunde 20, na sauti zote zimepanda zaidi ya nusu sauti ya kinanda. Ipunguze kasi mpaka milio ipishane sekunde moja uweke tena hapa. USIISAFISHE kitu kingine, punguza kasi tu.

Mutoto wa Kenya, Lubumbashi
Jambo bandugu. Miye niko Lubumbashi, commune ya Kenya, si inchi ya Kenya. Nasikia hiyo gitaa ya pili, ile ya katikati, iko na mukono ya huku kwetu. Baorchestre mingi zilitoka huku zikaenda Dar, Maquis ni ya huku. Mupime na Maquis.

Binti Kariakoo
Maquis si ndo walioimba Shauri Yako?

Mutoto wa Kenya, Lubumbashi
Hapana dada, Shauri Yako ni ya Nguashi Ntimbo na Festival du Zaïre. Super Mazembe waliichukua nyuma wakaipiga tena, hiyo ndiyo batu ba Nairobi banajua. Mazembe nao walitoka huku Zaire.

Kisauni Boy
Aisee mi miaka yote nikidhani ni ya Mazembe. Asante kwa hilo.

Jabali Forever
Basi tukishafika kwenye nani aliimba kwanza, tumalizane na Malaika. Fadhili William au Adam Salim?

Mzee wa Gerezani
Usithubutu. Fungua uzi wako. Hapo watakuja watu wa Mombasa na jina la tatu na la nne na huyu kijana hatapata jibu la kanda ya baba yake.

Kisauni Boy
Mzee nina hilo jina la tatu mkononi lakini nimekusikia, nimenyamaza 🙏

MwanaMoro
Nimeweka iliyopunguzwa kasi. Jamani. Sijui niseme nini. Ni wimbo mwingine kabisa. Jamaa anaimba ametulia, mdomo wa bata unanguruma.

Dada wa Msimbazi
Nimesikiliza. Narudisha maneno yangu kuhusu Bitchuka, ile sauti ya juu sasa imeshuka sio yeye. Lakini neno bado ni Msondo, na upepo bado ni wa NUTA. Mwimbaji mkuu sasa namsikia Gurumo wa NUTA, Kamanda mwenyewe, ile namna ya kukokota neno la mwisho kama anavuta kamba ya kisima.

Tumba la Tandale
Mi kinyume. Kupunguzwa kasi ndo kumenihakikishia SABOSO. Lile "bo" liko wazi sasa, midomo inafunga. Msondo haina mahali midomo inafunga katikati.

Jabali Forever
Soko-MO-ko midomo inafunga pia.

Tumba la Tandale
Duh. Hapo umenipata kidogo.

Mwinyi wa Muscat
Assalam alaykum. Niko Muscat, mzaliwa wa Unguja, nilikua napita kimya ila uzi umeninogea. Tuna kanda nyingi huku ndugu zetu walizobeba, taarabu nyingi ila dansi pia. Nimekaa na mjomba tumesikiliza, yeye ana miaka 70 na kitu. Anasema tusishike neno moja tushike ngoma. Kwa sikio lake tumba za NUTA ziko nzito na nyuma kidogo, na za Western ziko kama mtu anakimbilia basi. Kwa hizi za kanda anasema ni Western. Nikamuuliza una hakika akasema hakika ni ya Mungu.

Mzee wa Gerezani
Mpe salamu mjomba, masikio anayo. Ila NUTA wa miaka ya 60 hawakupiga tumba kama NUTA wa 1975, wala baada ya jina kua JUWATA. Bendi ni watu, na watu walikua wanahama. 1978 Gurumo na Bitchuka wametoka wamekwenda Mlimani Park, Michael Enoch kabla ya hapo alikua Dar es Salaam Jazz miaka na miaka. Ukisikia mkono wa mtu hujui bado amekaa bendi gani siku hiyo.

MwanaMoro, kanda hii mama anaikumbuka ni ya mwaka gani?

MwanaMoro
Nimempigia simu sasa hivi. Anasema kabla ya vita ya Kagera, kwasababu baba alikwenda vitani na redio alimwachia mama, na alimkataza asirekodi kitu juu ya kanda hiyo. Kwahiyo 1978 mwanzoni au nyuma ya hapo.

Dada wa Msimbazi
Basi imeisha, NUTA.

Fundi Redio Mwanza
Haijaisha dada. Huo ni mwaka wa kanda, sio mwaka wa wimbo. RTD walikua wanarudia tepu za miaka kumi nyuma kila jioni. Na niongeze jambo la kuwakatisha tamaa zaidi, betri haichoki kwa mkupuo, inachoka huku wimbo unaendelea. Milio iko mwisho wa wimbo, kwahiyo 0.92 ni sahihi kwa mwisho. Mwanzoni mwa wimbo betri zilikua na nguvu kidogo zaidi, kwahiyo hapo sasa tumepunguza kupita kiasi. Ile sauti mnayoiita Gurumo kwenye mistari ya kwanza inaweza kua nzito kuliko alivyokua mwenyewe.

Dada wa Msimbazi
Fundi umetumwa na nani wewe 😭

Binti Kariakoo
Swali la kijinga labda, kwanini tusiwaulize TBC? Si ndo wana maktaba ya RTD?

Tumba la Tandale
Sio la kijinga. Tepu zipo na kuna watu wamejitahidi kwa miaka kuzihifadhi kwenye mfumo wa kidijitali. Tatizo ni kwamba maktaba inatafutwa kwa jina la bendi na jina la wimbo, na sisi hatuna hata moja. Huwezi kwenda dirishani ukasema naomba ule wa posta.

Mzee wa Gerezani
Mi naweza kwenda nikaimba mbele yao. Sina aibu.

Binti Kariakoo
Mzee nitakusindikiza, nasema kweli. Niko karibu, mwezi ujao nina likizo.

Kisauni Boy
Na mi nitazunguka kwa wauza santuri wa zamani huku na River Road nikienda Nairobi, nitaangalia lebo zenye majina ya ajabu ajabu. Kama ni ya Nairobi itatoka.

Mwinyi wa Muscat
Ndugu MwanaMoro, ile sauti ya mwanamke mwisho wa kanda, baada ya kupunguza kasi inasikika vizuri. Mjomba kaisikia kabla yangu. Anasema "zima basi, mtoto amelala."

MwanaMoro
Nimerudia mara nyingi. Ni mama. Ni sauti ya mama akiwa binti. Nimempigia tena nikamchezea kwenye simu, alikaa kimya kidogo halafu akacheka, akasema huyo mtoto ni dada yako mkubwa, wewe ulikua bado.

Dada wa Msimbazi
Aah jamani.

Jabali Forever
🙏🙏

Fundi Redio Mwanza
Mkuu hiyo kanda usiipige tena kwenye deki lolote la mtaani, tepu ya umri huo inaweza kushikwa na mpira ikakatika. Upande B umesikiliza?

MwanaMoro
Bado. Nimejaribu inazunguka kidogo inasimama. Iko Moro kwa mama, mi nimerudi Dar, naenda tena Jumamosi.

Fundi Redio Mwanza
Usiibonyeze kurudi nyuma kwa kasi. Chukua penseli yenye pembe au kalamu ya Bic, ingiza kwenye tundu uzungushe kwa mkono mpaka mwisho, halafu urudishe mpaka mwanzo, taratibu, tepu ilegee. Ikigoma, niletee ganda lake na mkanda kama ulivyo, nitauhamishia kwenye ganda jipya, sitaki pesa.

Tumba la Tandale
Na ukifika tafadhali muulize mama baba alikua akicheza wapi, ukumbi gani. Kama alikua akienda kwa Western tutajua tu.

Dada wa Msimbazi
Na kama alikua akienda Amana kwa NUTA?

Tumba la Tandale
Basi nitakuja na soda zako mpaka Msimbazi.

MwanaMoro
Jumamosi nitawaambia. Nimeshanunua penseli.